Biti za drili za "kutumia kwa mkono": soma hii kabla hujanunua

Nimengoja siku kadhaa hasira ipungue ndio niandike, na bado haijapungua.

Mimi huunda mifano midogo ya mabehewa ya mizigo ya treni kwa skeli ya 1:87, yaani kila kipimo ni sehemu moja ya 87 ya kile cha kweli, yale ya reli ya upana wa mita moja iliyofika hapa Kisumu 1901. Sinunui vipuri. Ngazi, vishikio, mabomba ya breki, vyote natengeneza mwenyewe. Plastiki natoa kwa ile kadi inayobaki ukishabandua laini mpya ya simu, na waya mwembamba wa shaba napata kwa fundi wa kuwaindi mota kule Kondele. Kishikio chenye unene wa milimita 20 kwenye behewa la kweli, kwangu hakifiki robo milimita. Tundu likipanuka kidogo tu, kazi yote imeharibika.

Sasa hizi biti. Pakiti ya kumi, duka la vifaa hapa mjini. Niliuliza mara mbili kama ni za kuzungusha kwa mkono. Kijana akaniambia, "Za mkono kabisa, mama." Nyumbani nikatoboa matundu 13 safi, nikamwita hata binti yangu aje aone. La 14, la mwisho, pembeni mwa mlango: tik! Sikukandamiza. Mkono uliinama kidogo tu, ncha ikakatikia ndani. Kumbe ni za karbaidi, za mashine ya kutoboa bodi za elektroniki, ile inayoshuka wima bila kuyumba. Karbaidi ni ngumu ajabu, lakini ukiisukuma upande inakatika kama chaki. Kazi ya jioni za wiki tatu hiyo.

Sikurudi kudai pesa. Nilirudi ili wasimdanganye mwingine. Nikaliweka behewa kwenye kaunta, juu ya leso. Kijana akalinyanyua kwa vidole viwili, akaligeuza, ngazi ikang'oka, akacheka. "Sasa mama, mtu mzima kama wewe unanisumbua juu ya toi?" Mwenye duka alikuwa pale pale na simu yake. Hakuinua hata kichwa.

Toi! Ngazi hiyo ina vidato sita, na kila kidato nimekikunja kwa koleo nikiwa nimeshika pumzi.

Kusema haki, biti zenyewe ni kali. Mwenye mashine ndogo yenye stendi atazipenda, na bei si mbaya. Nilikuwa nimeamua nyota tatu. Lakini nikikumbuka kile kicheko, la, nyota moja, na hiyo ni ya biti, si ya duka. Kwa mkono tafuta za chuma, zinazopinda kidogo kabla ya kukatika. Hizi za karbaidi utazijua kwa shina nene la milimita 3 hivi, mara nyingi lenye pete ya rangi.

Ngazi nimeirudisha jana. Ncha bado imo ukutani mwa behewa. Aliyewahi kuitoa bila kupasua plastiki anielekeze, tafadhali.