Chubwi la kurambazia kwa kayaki: tazama mkuku kwanza, gramu baadaye

Wanaovua kwa kayaki Matema na Kyela, kwenye Ziwa Nyasa, na hata bwawani Mtera wana lalamiko moja: mshipi mpya umejisokota wote. Lawama hubebeshwa nailoni. Mtu anatafuta nyingine ya bei kubwa zaidi, nayo inajisokota vilevile. Nailoni haina kosa. Kosa liko kwenye chubwi, yaani kile kizito cha kuzamishia chambo, kwenye jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa: je, chubwi lenyewe linazunguka linapovutwa majini, au linatulia?

Uzito nitaumaliza haraka, maana kila mtu anauuliza na jibu lake ni fupi. Kayaki ya kupigwa kasia hurambaza, yaani huvuta chambo nyuma yake ikiwa inatembea, vizuri kwa mwendo wa kilomita 3 hadi 4 kwa saa. Kwa mwendo huo gramu 30 na gramu 45 zinakutosha. Gramu 15 weka ya akiba, kwa wakati samaki wa mbasa wanafukuza dagaa wa usipa karibu na uso wa maji. Kuanzia gramu 60 unajitafutia hasara. Kayaki haina injini: ukipumzisha kasia, chubwi zito linashuka wima, na kule ambako Milima ya Livingstone inaingilia ziwani utaliacha kwenye mwamba. Kwenye paketi za nje uzito huandikwa kwa aunsi. Aunsi 1 ni gramu 28, aunsi 2 ni gramu 57.

Sasa turudi kwenye msokoto. Chambo bandia, hasa cha kijiko, huzunguka, na mzunguko ule hupanda kwenye mshipi. Swiveli, kile kiungo kidogo kinachozunguka, imewekwa ili iukate. Lakini swiveli haizunguki ikiwa kilicho mbele yake nacho kinakubali kuzunguka. Chubwi la umbo la yai, lenye tundu katikati, halina chini wala juu, kwa hiyo linageuka pamoja na chambo na kupeleka msokoto wote hadi kwenye rili, gurudumu la kuzungushia mshipi. Chubwi lenye mkuku, kama ule wa chini ya mashua, risasi yake nyingi iko upande mmoja, chini ya mstari wa mshipi. Uzito huo unalishikilia lisigeuke, na hapo ndipo swiveli ya nyuma inalazimika kufanya kazi. Mkuku na swiveli ni mke na mume. Ukinunua kimoja umenunua nusu.

Chaguo la kwanza: chubwi la mkuku lenye mnyororo wa gololi mbele na swiveli ya beringi nyuma. Hili ndilo la kununua, na kama mfuko unaruhusu machubwi mawili tu, yawe haya: moja la gramu 30, moja la gramu 45. Swiveli ya kiwandani mara nyingi ndiyo sehemu mbovu. Ing'oe, uweke ya kampuni ya Sampo ya Marekani. Ninaipendelea waziwazi, kwa sababu ina gololi za kweli ndani na huzunguka hata ikiwa imebeba mzigo. Swiveli ya kawaida ya pipa huzunguka vizuri kiganjani, lakini ikivutwa inakaza.

La pili: chubwi lililopinda kama mwezi mwandamo. Mpindo unafanya kazi ileile ya mkuku, ila kwa udhaifu kidogo. Hakikisha halijanyooshwa kwenye mzigo. Likishanyooka limekuwa chubwi la kawaida.

La tatu: swiveli ya njia tatu. Hii ni kwa anayetaka kupita karibu na chini kwenye mchanga. Mshipi mkuu unafungwa tundu la kwanza, chambo tundu la pili, na chubwi linaning'inia tundu la tatu kwa uzi wa sentimita 40. Uzi huo uwe dhaifu kuliko mshipi mkuu: kama mkuu ni wa kilo 8, uzi uwe wa kilo 4. Chubwi likinasa, uzi unakatika na chambo kinabaki kwako. Mtera, penye visiki vya miti iliyozama, usivue chini bila uzi huo dhaifu.

Chubwi la yai ni zuri kwa kuvua umetulia, si kwa kurambaza. Mbao za kuzamisha chambo zivute peke yako kwa kasia ndipo utajua zinavyokuchosha mabega. Nati na plagi kuukuu za injini zinazama, ndiyo, ila zina kasoro ileile ya kuzunguka.

Dukani jaribu hivi. Funga swiveli kwenye kamba, ning'iniza chini yake chupa ya maji ya lita 1.5 iliyojaa, kisha izungushe chupa. Kamba ya juu ikisokotwa pamoja na chupa, rudisha swiveli. Kwa chubwi, kwaruza kwa kisu: risasi ni laini na huacha alama ya kijivu kwenye karatasi. Beba na sumaku, maana risasi hainaswi. Likinaswa ni chuma kilichopakwa rangi, na chuma cha uzito uleule ni kikubwa zaidi kwa karibu nusu, kwa hiyo maji yanakisukuma juu.

Kufunga ni kazi fupi. Mshipi mkuu kwenye klipu, klipu kwenye mnyororo wa mbele, kisha kutoka swiveli ya nyuma mshipi mdogo wa kilo 6, urefu mita 1.2 hadi 1.5. Usizidishe. Chubwi halipiti kwenye pete ya ncha ya fimbo, na wewe umekaa chini, karibu na maji. Ukiwa na fimbo ya mita 2.1 na mshipi mdogo wa mita 3, samaki atabaki mahali ambapo mkono haufiki, na kumfuata kwa kuinama pembeni ndiko kunakopindua kayaki. Lowesha kila fundo kabla ya kulikaza. Kwa chambo chukua kinachoelea, kama Rapala ya sentimita 7 au 9: ukisimama, chubwi linashuka lakini chambo kinajivuta juu, mbali na mawe. Breki ya rili iwe kilo 2 hivi kwa mshipi wa kilo 8.

Kina usikisie. Tia alama ya wino kwenye mshipi kwenye mita 30, kisha rambaza kuelekea ufukwe wa mchanga uliokwisha kuupima kwa kamba yenye mafundo. Chambo kikianza kugusa chini, hicho ndicho kina cha chubwi hilo kwa mwendo wako. Andika.

Mshipi ambao umeshajisokota usiutupe. Ondoa chubwi na chambo, achia mita 50 mtupu nyuma ya kayaki, piga kasia kwa dakika kadhaa. Utajisokotoa wenyewe.

Wauzaji wanaudhi. Machubwi ya uzito tofauti yanamwagwa kwenye kopo moja na kuuzwa bei moja, bila gramu kuandikwa, na mizani ipo palepale mezani. Anayeagiza Dar es Salaam kwa simu anaambiwa ataje namba ya swiveli tu, kana kwamba namba ni moja duniani kote. Swiveli za pipa namba ikipanda umbo linapungua. Za Sampo namba ikipanda umbo linakua. Mtu wa Mbeya analipa nauli ya basi kwa mzigo usiofaa, kisha anaambiwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Taja kilo za uwezo wake, omba picha yake kando ya rula, ndipo utume pesa.

Usinunue yanayomiminwa kutoka betri chakavu za magari, hata kama ni bei ya bure. Moshi wake una sumu kwa anayeyeyusha na kwa watoto wanaocheza jirani. Risasi yoyote usiibane kwa meno, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa machubwi mengi madogo ya risasi mwaka 1987, baada ya bata maji kufa kwa kuyameza.