Jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5: dawa ya chunusi inayotaka subira

Jeli ya benzoili peroksaidi hutengenezwa hasa kwa nguvu tatu, yaani asilimia 2.5, 5 na 10, na wanunuzi wengi hudhani kwamba ile kali ndiyo itakayoponya upesi. Utafiti umekwisha kuonyesha kwamba ile ya asilimia 2.5 hupunguza chunusi zilizovimba takriban sawa na ya asilimia 10, ilhali haichomi ngozi kwa kiasi kile. Hii nyepesi ndiyo aliyoitumia binti yangu, nami naipendekeza kwa dhati.

Dawa hii hutoa oksijeni ndani ya vitundu vya ngozi vilivyoziba na kuua bakteria wanaostawi humo pasipo hewa, na bakteria hao hawajengi usugu dhidi yake kama wanavyofanya kwa antibiotiki za kupaka.

Tuliinunua katika duka la dawa hapa Lamu mjini, na huduma tuliyoipata ilistahili sifa, kwani mfamasia hakutoa dawa mpaka alipouliza binti anapaka nini usoni. Alipoambiwa ni mafuta ya nazi, asubuhi na usiku, alimtaka ayaache, kwa sababu huziba vitundu vya ngozi, hasa katika joto hili la pwani. Kisha akamwonyesha kiasi cha kutumia: jeli ya ukubwa wa punje ya mbaazi, ienezwe uso mzima badala ya kudonolewa juu ya kila chunusi, baada ya uso kuoshwa kwa sabuni isiyo kali na kukauka, tena usiku mmoja kwa kuruka mwingine mpaka ngozi izoee.

Kasoro zipo. Mwanzoni ngozi ilikauka na kubambuka pembeni mwa mdomo, na jua la mchana lilimchoma kuliko kawaida, hivyo krimu ya kukinga jua ni ya lazima. Aidha, jeli huchujua nguo: foronya ya buluu na mtandio wake mweusi vilitoka mabaka ya rangi ya kutu ambayo hayafutiki kwa sabuni yoyote, kwa hiyo ni bora kulalia kitambaa cheupe.

Anayetaka matokeo ya wiki moja atavunjika moyo, maana dawa huhitaji wiki 8 hadi 12. Lakini mabadiliko yakishaanza hudumu mradi dawa iendelee kutumiwa, tofauti na krimu tuliyouziwa awali katika duka moja la vipodozi huko Malindi, isiyokuwa na orodha ya viambato. Ile iling'arisha uso kwa muda mfupi, kisha chunusi zikarudi nyingi zaidi na ngozi ikawa nyembamba, jambo ambalo krimu zenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, hulisababisha. Inaniuma kuona wasichana wadogo wakiendelea kuzinunua.

Madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi hayaondolewi na jeli hii, bali hufifia polepole kwa miezi. Ikiwa chunusi ni vivimbe vikubwa vya ndani vyenye maumivu na vinavyoacha makovu, mgonjwa amwone daktari, anayeweza kumwandikia adapalini, dawa nyingine ya kupaka, au, kwa hali ngumu zaidi, isotretinoini, ambayo mwanamke mwenye mimba hapaswi kamwe kuimeza kwa kuwa hudhuru mtoto tumboni.