Ghala la kukodi ndani ya eneo huru la Fumba: tathmini ya msafirishaji wa viungo

Ghala tulilokodi Fumba, kisiwani Unguja, kuhifadhi mdalasini na pilipili manga kabla ya kusafirisha linastahili sifa kwanza kwa ukavu wake. Magunia hupangwa juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, na mdalasini uliokaa humo masika yote ulitoka bila chembe ya ukungu, jambo ambalo kila aujuaye unyevu wa Unguja atalithamini.

Kilichotuvuta hasa ni unafuu wa ushuru, ambao una historia ndefu visiwani. Waingereza waliitangaza Unguja bandari huru mwaka 1892, wakihofia biashara isihamie pwani iliyoshikwa na Wajerumani. Karne moja baadaye, mapato ya karafuu yakiwa yameporomoka, Serikali ya Mapinduzi chini ya Dk. Salmin Amour ilileta sheria ya maeneo huru ya uchumi, yaani maeneo yenye unafuu wa ushuru, ya mwaka 1992, miaka kumi kabla ya Tanzania Bara kutunga sheria yake ya maeneo ya uzalishaji kwa mauzo ya nje. Fumba ikatengwa, na Micheweni kule Pemba pia. Kwetu maana yake ni hii: vifungashio tulivyoagiza kutoka ng'ambo havikutozwa ushuru kwa kuwa viliondoka pamoja na viungo; vingeuzwa hapa nchini, kwenye soko la Darajani, vingelipiwa ushuru kama bidhaa nyingine yoyote.

Kasoro ya ghala hili ni nyaraka. Wenye ghala hutoa huduma ya kuziandaa kwa ada, lakini katika orodha ya mzigo wetu waliandika uzito wa viungo pamoja na magunia mahali palipotakiwa uzito wa viungo vitupu, na kontena likazuiwa likiwa tayari limepigwa lakiri. Meli iliondoka bila sisi, mnunuzi akapunguza bei, na ada haikurudishwa. Hilo si haki hata kidogo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya viungo vyetu hutoka Pemba, nasi tunavivusha bahari hadi Unguja ndipo vipate huduma ambayo, kwa mzigo mdogo kama wetu, hatukuipata Micheweni. Atakayefungua ghala kavu kama hili huko atatupata sisi kuwa wateja wake wa mwanzo. Kwa sasa tutaendelea kukodi Fumba, ila nyaraka zitashughulikiwa na wakala wetu wa forodha.