Muziki wa FLAC kutoka Bandcamp, sebuleni Lamu

Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikinunua muziki Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, na kuusikiliza nyumbani kwangu, mtaa wa Langoni, kupitia kompyuta, kigeuzi cha sauti cha USB (kinachobadili data ya kompyuta kuwa mawimbi ya sauti), amplifaya na spika mbili. Kinachonipendeza zaidi ni kwamba albamu ukishailipia, unachagua mwenyewe aina ya faili: MP3 ya kbps 320 (kiwango chake cha juu), WAV isiyobanwa, au FLAC, ambayo hupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza chochote cha sauti iliyorekodiwa. Nililinganisha wimbo mmoja wa taarabu: kwenye MP3 hafifu niliyorushiwa kwa simu, udi ulisikika kama unapigwa chumba cha pili, ilhali kwenye FLAC kila uzi ulisikika ukififia, na hata pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti ikawa wazi. Rekodi za biti 24, zinazopima sauti kwa undani zaidi, zipo, lakini kwa masikio yangu biti 16 na kHz 44.1, kipimo cha sidii (CD), zinatosha kabisa. Kasoro ni ukubwa: albamu moja huweza kupita MB 300, na bando huisha upesi. Vifaa vyenyewe nahifadhi mbali na dirisha, kwa kuwa upepo wa chumvi huzila nyaya.