Nilidhani Darius Rucker Ameishiwa

Kwenye kinyozi changu hapa Nakuru, Jumapili ni kantri tu. Wazee wana watu wao: Jim Reeves, Kenny Rogers, Don Williams. Siku moja nikachomeka *Learn to Live*, albamu ya kantri ya Darius Rucker, katikati, kimyakimya. Mzee niliyekuwa namnyoa ndevu akasema, "Huyu mzungu anajua kuimba. Wa wapi?" Nikamwambia, "Wa Charleston, South Carolina, mzee. Na ni mweusi kama sisi." Akageuza shingo ghafla, nusura nimkate.

Mimi Rucker nilimjua na Hootie & the Blowfish, bendi ya roki iliyouza *Cracked Rear View* ya 1994 kwa mamilioni. Mwaka 2002 alitoa albamu ya R&B akiwa bila bendi, haikuvuma. Basi alipoibukia Nashville, makao ya kantri, mwaka 2008 nikasema huyu sasa anabisha kila mlango.

Nilikosea. Sauti ni ileile, nzito, yenye mkwaruzo kidogo, ila sasa imezungukwa na fidla na lile gitaa linaloburuzwa chuma juu ya nyuzi likalia kama mtu. Tena hajilazimishi kuongea kama mchunga ng'ombe. *Don't Think I Don't Think About It* ulifika namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard. Kabla yake, mwimbaji mweusi wa mwisho kufika hapo peke yake alikuwa Charley Pride, 1983. Na huyo Pride, rekodi zake za mwanzo zilipelekwa redioni bila picha. Shingo ya mzee wangu haikugeuka bure.

Wimbo wangu ni *It Won't Be Like This for Long*. Baba anakesha usiku kucha akisikiliza kichanga kikilia, anaambiwa haya yatapita. Kufumba na kufumbua mtoto amemng'ang'ania mguu mlangoni pa shule ya chekechea. Niliusikia wakati kitindamimba wangu ana miezi mitatu. Nilizima mashine ya kunyolea, nikajidai natafuta poda.

Kasoro ipo. Frank Rogers, prodyuza, amepiga pasi kila kitu. Natamani angeacha mikunjo miwili mitatu. Na ule wa mlevi anayepiga simu usiku, *Drinkin' and Dialin'*, huwa nauruka.

Mzee alirudi baada ya siku nne. Ndevu hata hazijaota. "Niwekee yule wa Charleston," akasema, akaketi.