Siku ya afya kanisani: mpelekeni mtoto, na kadi yake msiisahau

Sisi si waumini wa kanisa hili, na shemeji yangu alihofia kwamba tungetakiwa kusali kwanza ndipo tuhudumiwe. Haikuwa hivyo. Mchungaji aliomba kwa ufupi asubuhi, wahudumu wakaketi mezani, na mlangoni tuliulizwa umri wa mtoto na kama ana homa. Dini hakuna aliyeitaja.

Meza ya uzito ndiyo iliyonifanya niwaamini. Nesi alirudisha mzani kwenye sifuri kabla ya kila mtoto, na wote walivuliwa viatu na nguo nzito. Nimeona kwingine mtoto akipimwa na sweta lake, na uzito wa sweta ukaandikwa kwenye kadi kama wake.

Kisha ukaja utepe wa kupima unene wa mkono, ambao ni wa watoto wa miezi 6 hadi 59. Kuanzia sentimita 12.5 ni kijani, 11.5 hadi kabla ya 12.5 ni njano, chini ya hapo ni nyekundu. Mwanangu wa mwaka na miezi miwili alikuwa na 12.1. Nesi akapima tena, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukiwa umelegea, kisha akaniambia waziwazi: huu ni utapiamlo wa wastani, na usiusubirie. Hakunigombeza. Aliuliza mtoto anakula mara ngapi, bado ananyonya, aliharisha lini. Nilipomwambia ameharisha majuzi tu, akanieleza kwamba ORS, ile dawa ya kuchanganya na maji ya mtoto anayeharisha, huenda pamoja na zinki, na zinki hutolewa siku 10 hadi 14 hata kuhara kukishakoma. Tulikonunua ORS hakuna aliyetutajia zinki.

Nikaandikiwa rufaa. Na hapa ndipo ninapowasifu kwa moyo wote: kina mama wawili wa kamati ya afya ya kanisa walikuja nyumbani kuhakikisha kwamba tulikwenda, na wakarudi na utepe wao kumpima tena. Sasa yuko kwenye kijani. Kupima watoto na kugawa vipeperushi wengi wanaweza. Kumfuata mtoto hadi apone ni kazi nyingine kabisa.

Binti yangu wa miaka sita alipimwa macho. Walikuwa na kamba yenye urefu wa mita 6 kuonyesha pa kusimama, na jicho moja lilizibwa kwa kipande cha kadibodi, maana mtoto akijiziba kwa kiganja huchungulia kati ya vidole. Jicho la kushoto likaonekana dhaifu. Mimi sikuwahi kushuku lolote, na yeye hakulalamika. Atajuaje kwamba haoni vizuri, na hajawahi kuona vingine? Udhaifu wa jicho wa namna hiyo hutibika vizuri zaidi utotoni, kwa hiyo msiiruke meza hii kwa sababu foleni ni ndefu.

Ila wana mambo ya kurekebisha. Watoto wenye kikohozi walikaa benchi moja na vichanga. Waliokuja bila kadi walipewa matone ya vitamini A bila kuandikiwa popote, na dawa hiyo hutolewa kila baada ya miezi minne hadi sita. Kituo kingine kitajuaje kwamba mtoto ameshapata? Wapeni hata karatasi yenye tarehe na kipimo.

Linaloniuma zaidi ni meza ya presha. Mama mkwe alipimwa akiwa ndiyo kwanza amefika, bado anahema, na namba ikasomwa kwa sauti mbele ya majirani zake. Niliomba apumzike dakika tano ndipo apimwe tena, wakakubali, na presha ikawa imeshuka. Lakini watu walishasikia, na Mama amesema harudi. Wekeni pazia, na kiti cha kupumzikia kabla ya meza. Nitambembeleza mimi mwenyewe mkishaviweka.