Uzoefu wangu: nilimlipa kocha wa chesi Kisumu, akaninyima matokeo yangu ya sare

Naanza na nyota moja. Nikipoa nitaona kama naongeza, ila sioni dalili ya kupoa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kisumu, nimefika umri wa kuitwa mzee na watu wasionijua. Chesi nilijifunzia ukubwani, kwenye simu, watoto wakishalala. Nikipewa nusu saa nacheza kama mtu mwenye akili zake. Nikipewa dakika tatu nageuka mtu mwingine kabisa: kete zangu ziko vizuri, za mwenzangu zimetawanyika, halafu saa inaniua. Mwenzangu mmoja wa stafurumu akanielekeza kwa kocha fulani anayefundisha watoto kila Jumamosi kwenye ukumbi mmoja upande wa Kondele, kwamba hata watu wazima huwapokea. Elfu tatu kwa Jumamosi sita. Nikatuma kwa simu siku hiyo hiyo. Jina la kocha na la ukumbi sitaji, anayemjua atamjua.

Ukumbi ni mabati na viti vya plastiki, na baadhi ya saa zina vitufe vinavyokwama. Hayo si neno. Nilichokuja kusema ni ile Jumamosi ya mwisho.

Ilikuwa msimu wa mvua ndefu, mwezi wa nne au wa tano hivi. Kocha akaandaa mashindano madogo ya kufunga mafunzo, dakika tatu kila mtu, bila sekunde za nyongeza kwa kila hatua. Nikapangwa na kijana wa miaka kumi au kumi na moja, amevaa sweta ya shule ingawa ilikuwa likizo. Nilimla kila kitu. Kweli, kila kitu. Akabaki na mfalme peke yake ubaoni, mimi nina mfalme na ngome, na saa yangu ina kama sekunde arobaini. Mvua ikaanza kupiga mabati hadi usisikie hata kitufe cha saa ukikibonyeza.

Nilianza kumkimbiza yule mfalme kama mtu anayemkimbiza kuku wa jirani. Cheki hapa, cheki pale, yaani namtishia mfalme kwa ngome, anasogea, nacheki tena, anarudi alikotoka. Nilipoangalia saa mara ya mwisho zilikuwa zimebaki sekunde sita. Sikuangalia tena.

"Sufuri!" kocha akapaza sauti kushinda mvua. "Mzee amekufa! Mtoto ameshinda!"

Nikamwambia kwa upole kabisa, kwa sababu watoto walikuwa wanatazama, "Kocha, hii ni sare. Hana kete ya kunifunga."

"Saa imeisha ama haijaisha?"

"Imeisha."

"Basi umeshindwa. Saa haina huruma."

"Lakini kanuni za FIDE, shirikisho la chesi la dunia, zinasema..."

"Mzee, hapa ni Kondele, si Uswisi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Aliyenyamaza ni yule kijana. Alikuwa bado ameshika mfalme wake mkononi, akamwangalia kocha, akasema polepole, "Lakini kocha, kwenye simu ingeandika sare." Kocha akamwambia, "Wewe nakupa ushindi, unakataa?" Akaandika kwenye karatasi yake, moja kwa mtoto, sufuri kwangu, akapita kwenda meza nyingine.

Kama hujui kanuni hii, ijue kabla hujamlipa mtu elfu tatu akufundishe. Muda wako ukiisha, unashindwa. Lakini kama mpinzani wako hawezi kukufunga mfalme, yaani kumtishia asiwe na pa kutorokea, kwa mfuatano wowote halali wa hatua, hata ukicheza vibaya kwa makusudi, mchezo ni sare. Mfalme peke yake hawezi kumfunga mtu. Wala si huruma. Kijana angebaki na askari mmoja tu, hata yule aliyesahaulika kule pembeni, ningekuwa nimeshindwa kihalali, kwa sababu askari anaweza kufika mwisho akawa malkia. Na hilo la Uswisi, ndiyo, FIDE ina makao yake Lausanne, lakini ilianzishwa Paris mwaka 1924, na timu ya Kenya ikienda Olimpiadi ya chesi haichezei kanuni za Kondele.

Nilirudi nyumbani kwa bodaboda nimeloa chapachapa, nikaisoma hiyo kanuni mara tatu, kana kwamba kusoma kungenirudishia nusu pointi.

Sasa, mke wangu aliposoma niliyoandika hadi hapa aliniuliza kama yule kocha alinifundisha chochote. Nikanyamaza. Ndiyo, alinifundisha. Tuseme nyota mbili.

Jumamosi ya pili alitupa kila mtu daftari na kutuambia tuandike saa inasoma ngapi tukifika hatua ya kumi, na tena tukifika ya ishirini. Nilidhani ni kupoteza wakati. Nilipokagua daftari langu niliona aibu: kufika hatua ya kumi nilikuwa tayari nimekula dakika moja na sekunde ishirini, tena kwenye mwanzo ninaoucheza kila siku ya Mungu. Dakika tatu ni sekunde 180. Mchezo ukifika hatua arobaini, kila hatua ina sekunde nne na nusu. Mimi natumia kumi kutoa farasi ambaye namtoa pale pale miaka yote. Kocha akapekua ukurasa, akaniuliza, "Mzee, mshahara wa mwezi mzima unaumaliza tarehe tano?" Kumuuliza mwalimu swali hilo! Lakini nilielewa, na tangu siku hiyo hatua za mwanzo nazicheza bila kupumua.

Alitufundisha pia kufikiri wakati saa ya mwenzako ndiyo inayokimbia, badala ya kukaa unahesabu mabati. Mwenzako akila kete yako na jibu ni moja tu, la kumla naye, mle mara moja. Huzuni utaifanya kwa muda wake. Na mkono! Nilikuwa nasogeza kete kwa mkono wa kulia na kubonyeza saa kwa wa kushoto, najiona mjanja. Kumbe ni kosa, mkono uliosogeza ndio huo huo unaobonyeza. Babu yangu alicheza ajua, lile bao la mbegu la Wajaluo, chini ya mti huko kwetu, na mkono wake ukiwa bado unadondosha mbegu shimo hadi shimo, macho yalikuwa yamekwishafika shimo la mwisho. Sijui kwa nini jicho hilo lilinipita.

Kwa hiyo tatu? Ngoja kwanza.

Sekunde za nyongeza hataki kuzisikia. Nilimwomba tucheze dakika tatu na sekunde mbili kwa kila hatua, jinsi wanavyocheza kwenye ubingwa wa dunia wa blitz, chesi ya dakika chache. Akasema nyongeza ni ya watu wa kubembelezwa. Jamani, Bobby Fischer, aliyekuwa bingwa wa dunia, ambaye sidhani kuna mtu aliwahi kumbembeleza kwenye ubao, ndiye aliyesajili hataza ya saa ya namna hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu mtu mwenye mchezo wa kushinda asiuawe na kitufe. Fanya hesabu mwenyewe. Kwa mfalme na ngome dhidi ya mfalme mtupu, hata ukianzia mahali pabaya zaidi, hatua kumi na sita zinatosha ukicheza sawasawa. Kumi na sita mara mbili ni sekunde 32. Ongeza arobaini nilizokuwa nazo. Ningemfunga yule kijana na chai ya kunywa ingebaki.

Halafu niseme jambo ambalo sina ushahidi nalo: nashuku kocha hajui kuiweka hiyo nyongeza. Nilimwona siku moja akibonyeza kitufe cha chini ya saa, akakunja uso, akaibonyeza tena, akairudisha mezani na kwenda kuwakemea watoto waliokuwa wamekaa kimya.

Nyota moja na nusu.

Lakini nikisema kweli lazima niimalize. Zile "ukicheza sawasawa" hapo juu ndizo zinazoniumbua. Mimi sikucheza sawasawa. Jumamosi ya nne ndiyo aliyofundisha kumfunga mfalme kwa ngome, na Jumamosi ya nne mimi nilikuwa matangani Ugunja. Somo lililoniua ni lile ambalo sikulihudhuria. Yule kijana alilihudhuria. Ndiye aliyenieleza baadaye, mvua ikipungua kidogo, tukiwa wawili tu tunapanga viti: ngome haimkimbizi mfalme, inamjengea ukuta asivuke. Anayesukuma ni mfalme wako. Unamleta taratibu hadi wafalme watazamane uso kwa uso, hapo ndipo ngome inapiga cheki, na mwenzako anarudi nyuma mstari mmoja. Ukuta unasogea. Wakikosa kutazamana, unaisogeza ngome hatua moja pembeni kwenye ukuta ule ule, unamwacha yeye aharibu. Mimi nilipiga cheki kila nilipopata nafasi, yaani kila mara nilibomoa ukuta wangu mwenyewe. Kijana aliniambia hivyo bila kunicheka, na akaniita mwalimu.

Basi kila usiku nikawa naweka sekunde thelathini kwenye simu, mfalme na ngome, namfukuza mfalme wa mashine hadi ukingoni. Wiki ya kwanza nilishindwa karibu kila mara. Wiki ya tatu hivi vidole vilianza kujua kabla yangu. Michezo ya dakika tatu bado napoteza mingi, lakini siku hizi napoteza kwa ujinga wa ubaoni, si wa saa, na hiyo kwangu ni nafuu kubwa. Kama mazoezi hayo ni kazi ya kocha, au ni hasira yangu kwa kocha, amua mwenyewe. Nyota tatu, kwa shingo upande.

Majuzi nilipita pale kuchukua mwavuli niliousahau siku ile. Ndiyo, siku ile ile nilienda na mwavuli na bado nikarudi nimeloa, kwa sababu niliondoka nimekasirika. Kocha akanipa mwavuli, akaniambia msimu mpya unaanza Jumamosi, sasa ni elfu tatu mia tano. Kuhusu sare hakusema neno. Kijana alikuwepo. Akavuta ubao, akaweka mfalme wake katikati, akanipa mfalme na ngome, akaiweka saa sekunde thelathini bila kuniuliza. Nilimfunga zikiwa zimebaki tisa. Akaangalia pembe aliyofia, akatabasamu.

Kocha alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni. "Unaona?" akasema.

Nikamwambia naona, na ile siku ilikuwa sare.

Akacheka, akaniambia niharakishe, mvua inakuja. Pesa ya msimu mpya sijatuma. Bado.